Nimeyasoma Majibu ya Eko ya Mdogo Wangu, Yeye Hajayaona

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mwalimu wa hesabu sekondari, mzaliwa wa Ukerewe, sasa naishi Mwanza na mke wangu na watoto. Baba yetu alifariki tukiwa bado shuleni, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, mambo yote ya nyumbani huishia kwangu. Ninayekuandikia habari zake ni mdogo wangu wa mwisho, binti wa miaka 29, fundi cherehani. Tunaishi naye. Desemba anaolewa.

Kwa muda mrefu tuliambiwa ana pumu. Akapewa dawa za kuvuta, hazikumsaidia. Kwetu ni mlimani, upande ule ambako bodaboda inakuacha chini na safari iliyobaki unapanda kwa miguu katikati ya mawe. Yeye akawa hafiki mlangoni bila kukaa kwanza. Tukasema ni unene, tukasema ni kukaa sana kwenye cherehani. Mwaka jana akazimia sokoni akiwa amebeba vitambaa vyake. Ndipo tukafika kwa daktari wa moyo, akapimwa eko, yaani kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, tukaambiwa presha yake iko juu kwenye mishipa ya mapafu, siyo ile presha inayopimwa mkononi. Akaanzishiwa sildenafil mara tatu kwa siku na dawa ya kupunguza maji mwilini. Kusema kweli alipata nafuu. Akarudi kazini, akarudi kwaya, na huko kwaya ndiko alikompata mchumba wake.

Mwezi uliopita alirudia eko. Majibu yakatumwa kwangu kwa WhatsApp, maana mimi ndiye ninayelipa na namba yangu ndiyo iliyo kwenye faili. Siku ya kumwona daktari foleni ilikuwa ndefu, hatukukaa naye. Alisema ataongeza dawa ya pili na turudi baada ya miezi mitatu. Mdogo wangu akauliza, "Lakini presha imeshuka?" Akajibiwa ndiyo, ilikuwa 80, sasa ni 70. Alitoka pale anacheka. Tukiwa bado njiani akampigia mchumba wake, kisha mama kijijini, na mama akapiga vigelegele kwenye simu.

Usiku nikazifungua ripoti zote mbili nikazilinganisha. Ya kwanza: presha 80, TAPSE (namba inayoonyesha moyo wa kulia unavyojongea) milimita 16, chemba ya juu ya kulia ya moyo ina eneo la sentimita za mraba 24, hakuna maji kwenye mfuko wa moyo. Ya pili: presha 70, TAPSE 13, eneo 27, na maji kidogo kwenye mfuko wa moyo. Mimi nikikutana na namba siwezi kuziacha. Nikatafuta mtandaoni, nikakuta jedwali la mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022, lenye safu ya kijani, ya njano na nyekundu. Eneo likizidi 26, ni nyekundu. Kuna mstari mwingine unaogawanya TAPSE kwa presha. Nikagawa 13 kwa 70, nikapata 0.186. Chini ya 0.19, nyekundu. Na juu ya safu nyekundu imeandikwa kwamba uwezekano wa kufa ndani ya mwaka mmoja unazidi asilimia 20.

Tangu hapo nikimwona anashona gauni lake la send-off natoka nje.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi. Kila Jumapili watu wanakaa sebuleni kwangu kuhesabu michango, na yeye anapita na chai. Mahari tumeshapokea nusu. Siku ya kujitambulisha, mama wa mchumba alisema mbele ya wazee kwamba huyu ni mwanawe wa pekee wa kiume na anasubiri wajukuu. Mdogo wangu naye anataka watoto wawili, wa kike aanze. Nami nimesoma kwamba mimba kwa ugonjwa huu ni hatari kubwa.

Mke wangu ananiambia ninyamaze, nimwache dada wa watu aolewe na furaha yake, kazi ya kusema ni ya daktari. Baba mdogo, ambaye nilimweleza, anasema tusimamishe harusi, tusije tukaonekana tumewauzia watu mgonjwa. Mama hajui lolote.

Jambo jingine linanitafuna. Mwaka jana daktari alitaja kipimo cha kupitisha mrija mpaka kwenye moyo, akasema kinafanyika Dar es Salaam. Tukasema hela hatuna. Sasa hela ninazo mkononi, ila ni za harusi.

Nimwambie? Nimwambie shemeji mtarajiwa? Nisimamishe harusi? Na je, hiyo eko inasema kweli?

Kaka Mkubwa, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Umebeba ripoti inayosema jambo zito, una harusi inayosogea kila Jumapili, na nyumbani kuna mdogo wako aliyetoka kliniki anacheka. Nadhani jambo linalokuumiza kuliko yote ni kwamba unajua habari za mwili wake ambazo yeye mwenyewe hazijui, na kila siku mnakula sahani moja.

Kabla ya kazi hii nilikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliitumia kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo. Kwa hiyo niruhusu nianze na swali lako la mwisho, lile la eko, maana hayo mengine yote yanategemea ripoti hiyo inasema nini hasa.

Kuna jambo umelisoma vizuri kuliko wengi. Umeona kwamba presha kushuka kutoka 80 hadi 70 si lazima iwe habari njema. Eko haipimi presha ya mapafu moja kwa moja. Inapima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kupitia valvu iliyo kati ya chemba mbili za kulia. Kasi hiyo inazidishwa kwa yenyewe, inazidishwa kwa 4, halafu mpimaji anaongeza makadirio ya presha ya chemba ya juu: 3, 8 au 15, kwa kuangalia mshipa mkubwa unaoingia kwenye moyo. Wewe ni mwalimu wa hesabu, utaona mara moja kosa dogo linavyokua. Kasi ya mita 3.7 kwa sekunde inakupa karibu 55. Kasi ya 3.9 inakupa karibu 61. Hapo hujaongeza yale makadirio. Ukilinganisha eko na kipimo cha mrija, si ajabu kukuta tofauti inayozidi 10, juu au chini. Kwa hiyo inawezekana kabisa 80 na 70 ni presha ile ile, imepimwa siku mbili tofauti.

Kisha kuna jambo la pili, zito zaidi. Presha hiyo inatengenezwa na moyo wa kulia ukisukuma damu kwenye mishipa iliyobana. Mtu anayesukuma mkokoteni kupanda mlima akianza kuchoka, nguvu ya mikono yake hupungua ilhali mlima haujapungua. Moyo nao ni hivyo. Ukichoka, presha inaweza kushuka huku mgonjwa anazidi kuwa dhaifu. Ndiyo sababu wanaopima hatari ya ugonjwa huu hawaiegemei namba ya presha peke yake. Wanaangalia moyo wa kulia unavyoistahimili kazi. TAPSE ni umbali ambao ukingo wa valvu ile unasogea kila moyo unapopiga. Kwa kawaida huwa milimita 17 au zaidi. Chemba ya juu ikipanuka, maana yake damu inarundikana mlangoni. Maji kwenye mfuko wa moyo nayo ni dalili kwamba damu inashindwa kurudi vizuri. Na ule mgawanyo uliofanya wewe, TAPSE kwa presha, unauliza swali moja tu: kwa mzigo huu, moyo unajongea kiasi gani?

Sasa nije kwenye sehemu ambayo nadhani umelisoma jedwali zaidi ya linavyosema. Mpaka wa eneo ni 26, yeye ana 27. Mpaka wa mgawanyo ni 0.19, yeye ana 0.186. Weka TAPSE 14 badala ya 13, utapata 0.2, nawe umerudi kwenye njano. Milimita moja! Nimesimama pembeni ya vitanda vya eko mara nyingi, nimeona jinsi kichwa cha mashine kikielekezwa pembeni kidogo, au mgonjwa akivuta pumzi, au mpimaji akibadilika, milimita moja inavyokuja na kuondoka. Na maji kidogo, kwenye jedwali hilo hilo, yako kwenye safu ya njano.

Sisemi haya ili kukubembeleza. Namba moja kusogea ningeipuuza. Hapa TAPSE imepungua, chemba imepanuka, na maji ambayo hayakuwapo sasa yapo. Zote zimeelekea upande mmoja. Daktari hakuwa na muda wa kueleza, lakini kwa kuongeza dawa ya pili nadhani aliliona hilo. Neno "imeshuka" lilikuwa jibu la swali aliloulizwa, na swali lilihusu presha.

Ila ile asilimia 20 haitoki kwenye eko. Jedwali lina mistari mingi: dalili zinaendelea kwa kasi gani, je mgonjwa anazimia, shughuli gani zinamshinda, anatembea mita ngapi kwa dakika 6 kwenye njia tambarare, kipimo cha damu kinachoitwa BNP au NT-proBNP, kinachoonyesha moyo umeelemewa kiasi gani, na namba za mrija. Hayo yote hupimwa pamoja. Tena mwongozo huo huo wa 2022 unasema mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa apangwe kwenye ngazi 4 kwa kuangalia kwanza mambo matatu: daraja la dalili zake, kutembea kwa dakika 6, na kile kipimo cha damu. Eko na mengine huongezwa hapo kusaidia uamuzi. Anayetembea zaidi ya mita 440 yuko pazuri, aliye chini ya 165 yuko pabaya, na wengi wako katikati. Kwenye barua yako sikuona mita wala BNP. Labda vilipimwa, hukutumiwa. Labda havikupimwa. Kutembea kwa dakika 6 hakuhitaji mashine, ni korido, saa na mtu wa kuhesabu. Ukiniuliza kitu cha kuomba kwenye ziara ijayo, ningeanza na hicho.

Na hata asilimia yenyewe inasimulia kundi. Wagonjwa wengi waliozaa namba hizo walikuwa Ulaya, wameshapimwa kwa mrija, wanajua chanzo cha ugonjwa wao. Utafiti wa PAPUCO uliofuatilia wagonjwa wa presha ya mapafu katika nchi 4 za Afrika, Cameroon, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, ulikuta walio wengi tatizo lao limeanzia upande wa kushoto wa moyo, wala si kwenye mishipa ya mapafu yenyewe. Jina la ugonjwa linafanana, tiba inatofautiana. Hapo ndipo ninapotaka kukuuliza swali ambalo barua yako haikuligusa: mdogo wako alipataje ugonjwa huu?

Umesema nyinyi ni wa Ukerewe. Kichocho cha tumbo kimejaa kando ya ziwa lile. Mayai yake huishia kwenye ini, ini likapata makovu, na kwa baadhi ya watu miaka mingi baadaye mishipa ya mapafu nayo huumia. Ni mojawapo ya vyanzo vinavyotambulika vya ugonjwa huu, pamoja na virusi vya Ukimwi, matundu ya moyo ya kuzaliwa nayo, na magonjwa ya tishu kama lupasi. Kuna pia damu iliyoganda zamani kwenye mishipa ya mapafu na haikuyeyuka. Hiyo ina tiba yake nyingine kabisa, na wapo wanaofanyiwa upasuaji wakapata unafuu mkubwa. Na kuna selimundu. Je, ini lake limepimwa kwa ultrasaundi? Kipimo cha VVU? Mabonge ya damu yametafutwa? Eko inaweza kushuku ugonjwa na kufuatilia moyo unavyoendelea. Kuuthibitisha ni kazi ya mrija: wastani wa presha ya mshipa wa mapafu ukizidi 20, na presha ya upande wa kushoto ikionekana haiko juu, hapo daktari anajua anatibu nini. Kwa hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ina mtambo wa kupitisha mrija kwenye moyo. Kwa hiyo aliyekutajia kipimo hicho mwaka jana hakukutajia anasa.

Haya, tuiweke ripoti pembeni, tumwangalie mdogo wako.

Unaandika kana kwamba yeye hajui. Nina mashaka kidogo. Anayepanda mlima ule kila jioni ni yeye. Kifua ni chake. Katika foleni ndefu namna ile, mtu aliyeambiwa anaongezewa dawa angeweza kuuliza bei, au namna ya kuimeza. Yeye aliuliza kama presha imeshuka. Huenda alikuwa anatafuta neno moja la kurudi nalo nyumbani, akalipata, akalishika. Na huenda kicheko kile kilikuwa chake kweli, kwa furaha. Huenda pia kilikuwa chako wewe, kaka aliyemlea, usije ukahuzunika. Nimewaona wagonjwa wengi wanaowaficha ndugu zao yale ambayo ndugu nao wanawaficha.

Nakuona pia umejiwekea njia mbili tu: umwambie kila kitu, au unyamaze. Mke wako amekupa moja, baba mdogo amekupa nyingine, na kila mmoja ana kitu cha kweli. Mke wako anajua furaha ya binti anayeolewa si kitu cha kuvuruga kwa sababu ya jedwali la mtandaoni. Baba mdogo anajua ndoa ikianza na siri, siri hiyo haikai kimya. Lakini tazama, wote wawili wanaamua juu ya mtu mzima wa miaka 29 ambaye hajaulizwa.

Ukinyamaza mpaka kliniki ijayo, utakuwa umemwachia wiki za amani, na hilo lina thamani. Hatari yake ni kwamba siku moja atajua, na atajua pia kwamba ripoti ilikuwa kwenye simu yako wakati mkipanga rangi ya maua. Tena anayeamini kwamba 70 ni kupona anaweza kuanza kuruka vidonge, kwa kuona hana haja navyo au kwa kuona huruma ya hela yako. Dawa hizi hazikatwi ghafla. Hilo naomba alisikie hata kama hataki kusikia mengine.

Ukimwambia wewe mwenyewe, atasikia kutoka kwa mtu anayempenda. Lakini chunga unachompa. Ukimpa asilimia 20 umempa namba ambayo hata daktari wake hajaitamka juu yake, nayo haitatoka kichwani mwake tena. Pengine badala ya kumpa jibu ungempa swali: "Ripoti yako iko kwangu, ni yako. Unataka tuisome pamoja? Unataka daktari akueleze mwenyewe? Au kwa sasa hutaki?" Kisha ukae. Usijaze ule ukimya. Akisema hataki, nalo ni jibu lake, unaweza kumuuliza tena siku nyingine.

Ipo njia ya kurudi kwa daktari mapema, kabla ya hiyo miezi mitatu, yeye akiwa ameridhia na wewe uingie naye. Siku ambayo foleni si ndefu, au kwa miadi. Mwende na maswali yameandikwa kwenye karatasi, maana mbele ya daktari watu husahau. Faida ni kwamba mtakaa mkisikia maneno yale yale kwa wakati mmoja. Hatari ni kwamba anaweza kuambiwa jambo gumu wiki chache kabla ya harusi, na hakuna atakayeweza kulirudisha.

Kuhusu shemeji mtarajiwa, ninaona uzito wa neno la baba mdogo, lakini "kuwauzia watu mgonjwa" limenichoma. Mdogo wako si bidhaa. Kijana yule ana haki ya kujua anaingia kwenye ndoa ya namna gani, na mdogo wako ana haki ya kuwa yeye ndiye anayemwambia. Ukimtangulia, hata kwa nia njema, utakuwa umemnyang'anya. Inawezekana kijana akarudi nyuma. Itauma, na mahari itarudi, na watu watasema. Inawezekana pia akakaa. Walikutana akiwa tayari anameza vidonge, na hujaniambia anajua kiasi gani. Huenda anajua zaidi yako.

Kwenye mimba tu ndipo sitazunguka. Kwa ujumla madaktari huwashauri wanawake wenye ugonjwa huu wasishike mimba, kwa sababu moyo wa kulia ulioelemewa hupata mzigo mwingine mkubwa, na wiki zinazofuata kujifungua ni miongoni mwa zile za hatari zaidi kwa mama. Tena baadhi ya dawa zinazoongezwa kama dawa ya pili, kama bosentan na ambrisentan, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Uliza dawa yake ya pili ni ipi. Njia ya uzazi wa mpango nayo achaguliwe na daktari anayeujua ugonjwa wake: zenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, na bosentan inaweza kudhoofisha nguvu ya njia za homoni. Mazungumzo haya hayawezi kusubiri wajukuu waanze kuulizwa. Nani ayaanzishe, sidhani ni wewe. Mke wako anaweza, kama wanaelewana. Muuguzi wa kliniki anaweza. Na najua kumwambia binti anayetaka watoto wawili kwamba pengine asizae si kumpa taarifa, ni kumpa msiba. Aruhusiwe kulia. Kulea mtoto kuna njia zaidi ya moja, lakini siku hiyo hiyo asiambiwe hilo.

Kusimamisha harusi? Wewe ni mwenyekiti wa kamati, ndoa ni yao wawili. Wanaweza kuamua kuendelea kama ilivyopangwa. Wanaweza kusogeza. Wanaweza kufunga ndoa kanisani na kula chakula cha mchana na ndugu wachache, bila ukumbi, bila kucheza usiku kucha, na hela inayobaki ikawa nauli ya Dar es Salaam. Najua ndivyo unavyotamani iwe, nimeiona kwenye barua yako. Lakini michango ile watu wamekupa kwa ajili ya harusi. Ukiigeuza bila kusema, utaongeza siri juu ya siri. Ukisema, umeufungua ugonjwa wake mbele ya sebule nzima. Hapo pia anayeweza kukupa ruhusa ni yeye. Kuna kamati ambazo zikielezwa kwa heshima huchangia zaidi ya mwanzo, na kuna zinazonung'unika miaka kumi. Wewe unaijua yako. Kabla ya kufika huko, ulizia bima kama anayo, na ustawi wa jamii hospitalini, uone kinachoweza kupunguzwa.

Mama yenu mwacheni mpaka binti mwenyewe aamue atamwambia nini.

Na wewe, mwanangu? Umekuwa baba ukiwa bado kijana, na sasa unatoka nje ili usionekane ukilia. Umewaeleza mke na baba mdogo, wote wakakupa maelekezo. Sikuona mtu aliyekuuliza unaendeleaje. Ukipata hata mmoja, mwalimu mwenzako au mchungaji anayejua kutunza siri, kaa naye. Hutaweza kumwongoza mdogo wako kwenye mazungumzo magumu ukiwa hujalala.

Wakati mkiyapima haya, kuna mambo ambayo hayangoji harusi wala kikao. Akizimia tena au akahisi anataka kuzimia, miguu au tumbo likivimba, akikosa pumzi akiwa amekaa, akikohoa damu, au hedhi ikichelewa, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mbebe ripoti zote mbili na orodha ya dawa zake.